Kisu cha mgongo: nani anakihitaji Kibera na Kawangware

Kila alfajiri watu hufuata reli inayokatiza Kibera wakielekea Eneo la Viwanda, na wengine hutoka Kawangware kwenda kutafuta kibarua Lavington na Kilimani. Humo mna watu wa mjengo, akina mama wanaofua nguo za watu, wasukuma mikokoteni na wabeba mizigo wa sokoni. Kazi zao zote hupitia mgongoni. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na mkokoteni uliopakiwa mitungi 20 ni kilo 400 za maji peke yake. Gunia la mahindi linalohesabiwa kuwa la kawaida nchini Kenya ni kilo 90, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Si ajabu basi kwamba kiuno na mgongo ni malalamiko ya kila ploti, na si ajabu kwamba mtu akishaumwa miezi kadhaa, jamaa zake huanza kuulizana kuhusu upasuaji: unafanywa wapi, unagharimu pesa ngapi, na nani atasimamia mchango.

Naona swali hilo mara nyingi humwangukia mgonjwa asiye wake. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 50 unaonyesha kwamba wengi wanaoumwa mgongo hawana la kunufaika na kisu, na kwamba wapo wachache ambao wasipopasuliwa haraka watapooza. Hawa na wale huingia kliniki kupitia mlango mmoja, wakiwa na malalamiko yanayofanana, na mara nyingi huondoka na vidonge vilevile. Kwa hiyo kuna anayeuza pikipiki yake kutafuta upasuaji usiomfaa, na kuna anayerudi duka la dawa wiki baada ya wiki hadi miguu inakataa kumbeba. Kuwatenganisha wawili hao mapema ndiyo kazi kubwa ya tiba ya mgongo, na kwa sehemu kubwa ni kazi inayoweza kufanywa hukuhuku mtaani.

Tuanze na walio wengi. Mwaka 2020 watu wanaokadiriwa kuwa milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na inatarajiwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Kwa takriban tisa kati ya kila kumi, daktari hawezi kuonyesha mfupa, diski au neva moja iliyo chanzo cha maumivu. Hii haimaanishi kwamba wanajisingizia. Maumivu ni ya kweli, lakini hakuna kitu cha kukata. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake, na ulichopendekeza ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpango, tiba za mikono kama kukandwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kawaida za kupunguza maumivu na uvimbe. Mwongozo huohuo ulikataa mikanda ya kiuno, tiba ya kuvuta mgongo kwa vyombo, na dawa za kundi la afyuni. Mikanda hiyo bado inauzwa Nairobi kama dawa ya kila mgongo.

Linaloharibu mambo zaidi ni picha. Mtu akishalipia picha ya MRI kwa maelfu ya shilingi, huisoma ripoti yake kama hukumu: diski imechakaa, diski imetokeza. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 30 diski zilizotokeza. Kwa wenye miaka 80, waliochakaa diski walikuwa asilimia 96. Hao wote walikuwa wazima, wakifanya kazi zao na kulala usingizi wao. Ndiyo maana picha bila uchunguzi wa mwili haimtoshi daktari kuamua amkate mtu. Ikilingana na dalili ni ushahidi mzuri. Isipolingana, inamwogopesha mgonjwa bure na kumfungulia njia ya gharama zisizo na mwisho.

Sasa kuna kundi la pili, ambalo maumivu yake yana anwani. Katikati ya pingili mbili za uti wa mgongo kuna diski, gegedu lenye ute mzito ndani yake. Gegedu likipasuka, ute hutoka na kuibana neva inayoshuka mguuni, na maumivu huanzia kiunoni au kwenye tako yakapita nyuma ya paja hadi chini ya goti, pengine hadi kidole gumba. Kumpima mtu huyu hakuhitaji mashine. Anayepima humlaza chali, kisha huuinua mguu polepole ukiwa umenyooka goti. Maumivu yakichoma kutoka tako hadi chini ya goti kabla mguu haujafika juu, yaelekea neva imebanwa. Baadaye humwambia asimame kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, na humgusa unyayo na shavu la mguu kwa pamba kuona kama anahisi sawasawa pande zote mbili. Dakika tano zinatosha, na afisa wa kliniki katika Kituo cha Afya cha Riruta au Kibera Kusini anaweza kuzimaliza akipewa nafasi ya kufanya hivyo mbele ya foleni ndefu.

Ni mwaka 1934 ambapo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, Marekani, walieleza kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayowasumbua wengi wa wagonjwa hao, na kwamba inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Siku hizi daktari hupasua sentimita chache tu mgongoni, akasogeza misuli, akatoboa kidogo ukingo wa mfupa, akaisogeza neva pembeni taratibu na kuchomoa kipande kilichoibana, mara nyingi akitazama kwa hadubini. Je, kisu hicho kinasaidia? Kinasaidia, lakini si kila wakati na si kwa haraka yoyote ile. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2007 uliwagawa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipasuliwa mapema na nusu wakatibiwa bila kisu kwanza. Waliopasuliwa walipona kwa kipimo cha kati cha wiki 4, wenzao wiki 12. Baada ya mwaka mmoja, pande zote mbili asilimia 95 walisema wamepona. Asilimia 39 ya walioanza bila kisu hatimaye walipasuliwa, ikimaanisha kwamba zaidi ya nusu waliepuka chumba cha upasuaji kabisa na hawakupoteza kitu isipokuwa wiki kadhaa za mateso. Utafiti wa Kanada wa 2020 uliwaangalia wale ambao maumivu ya mguu yalikuwa yamewashika kati ya miezi 4 na 12, na hapo kisu kilishinda waziwazi. Ukiziweka tafiti hizi pamoja unapata kanuni inayoeleweka: neva iliyobanwa bila udhaifu wa misuli ipewe wiki kadhaa za kujitibu yenyewe, na ikikataa, mgonjwa asiachwe mwaka mzima akinywa vidonge.

Upasuaji unaohitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi ni ule wa kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma kwa ajili ya maumivu ya kiuno peke yake, bila neva kubanwa na bila mfupa kuvunjika. Ndio wa gharama kubwa, kwa sababu vyuma hivyo huagizwa kutoka nje. Uingereza iliupima kwa wagonjwa 349, matokeo yakachapishwa 2005. Waliounganishwa pingili walilinganishwa na waliopewa mpango mkali wa mazoezi na ushauri wa takriban saa 75, na baada ya miaka miwili tofauti ilikuwa ndogo mno kuhalalisha hatari na pesa zilizotumika. Hata kwa wazee ambao mfereji wa neva umekuwa mwembamba, ambao upasuaji wa kuupanua huwasaidia wengi wao kutembea tena, utafiti wa Uswidi wa 2016 ulionyesha kwamba kuongeza skrubu juu ya upanuzi hakukuleta nafuu zaidi. Familia ikiambiwa mgonjwa wake anahitaji vyuma, ina haki ya kuuliza: ni neva gani inayobanwa, mfupa upi haujatulia, na itakuwaje tukipanua bila kuunganisha? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo halifai kupuuzwa. Tafiti hizi zilifanywa Ulaya na Amerika, kwa watu wenye likizo ya ugonjwa yenye malipo. Fundi wa mjengo wa Gatina, Kawangware, analipwa kwa siku. Tofauti ya wiki 4 na wiki 12 kwake ni kodi ya nyumba ya miezi miwili na karo ya mtoto, kwa hiyo kumwambia asubiri ni kumfukuza kwenye nyumba yake. Ninalikubali pingamizi hilo kwa upande mmoja: hali ya kipato ni sababu halali ya kumpasua mapema mtu mwenye neva iliyobanwa kweli, na daktari anayeijua anapaswa kuitia kwenye mizani. Lakini halimhusu mwenye maumivu ya kiuno tu. Huyo kisu hakimrudishi kazini mapema. Kinamlaza wiki kadhaa, kinamwachia deni, na bado maumivu yanaweza kurudi. Na jambo linalomfaa maskini zaidi ni kwamba tiba bora ya maumivu hayo si kulala kitandani. Huko Helsinki, Finland, mwaka 1995 watafiti waliwagawa wafanyakazi 186 wa jiji walioshikwa na kiuno ghafla: wengine walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi maalumu, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza kustahimili. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho. Anachohitaji kibarua ni kazi nyepesi kwa wiki chache, mizigo iliyogawanywa, na mtu wa kumhakikishia kwamba kujongea hakumvunji mgongo.

Wengine watasema kwamba ushauri wa kutopasuliwa hutolewa kwa maskini tu, huku tajiri akipasuliwa katika hospitali za Upper Hill bila kuulizwa maswali. Yamkini tajiri anapasuliwa mno. Haki ya mkazi wa Kibera si kupewa makosa ya mwenye pesa, bali kupewa kwa wakati upasuaji ule ambao hata mwenye pesa hawezi kuishi vyema bila kuupata. Na hapo ndipo tunapowaangusha watu wetu.

Mfano ulio wazi kabisa ni kifua kikuu cha mgongo. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na vyumba vya mabati visivyo na madirisha, ambamo familia nzima hulala pamoja, ndimo kijidudu cha ugonjwa huu kinamostawi. Wengi hukijua kwa kikohozi. Lakini husafiri kwenye damu na kukaa mifupani pia, na takriban nusu ya kifua kikuu cha mifupa hukaa kwenye uti wa mgongo. Hula pingili polepole, usaha hukusanyika, mfupa huporomoka kwa mbele, na kibiongo hutokeza. Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1779, na bado unapooza watu. Dalili zake ni maumivu yasiyotulia hata usiku, kukonda, homa na jasho la usiku, na uchovu. Anayekuja na dalili hizo akapewa vidonge vya maumivu vya diklofenaki kwa miezi mitatu ameibiwa miezi mitatu ya miguu yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hapa nako kisu si mwanzo. Kuanzia miaka ya 1960, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipima tiba ya kifua kikuu cha mgongo katika miji ya Masan na Pusan huko Korea, Hong Kong, na Bulawayo katika nchi iitwayo Zimbabwe leo. Masan walilinganisha kulala hospitalini miezi sita na kutibiwa ukitembea, wasione tofauti. Pusan walilinganisha waliofungwa plasta kiwiliwili na wasiofungwa, wasione tofauti. Dawa ndizo zilizoponya. Na dawa zenyewe tunazozinywa leo zina historia ya hapa kwetu, kwani majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa 1972 ndiyo yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu cha mapafu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Cha mifupa huchukua muda mrefu zaidi, kwa kawaida miezi 12, na dawa hutolewa bure katika vituo vya umma. Kisu huingia pale miguu inapodhoofika, usaha unapoibana neva, au kibiongo kinapozidi, hasa kwa mtoto anayekua. Hong Kong walionyesha kwamba kusafisha mfupa uliooza na kupandikiza mwingine kulipunguza kibiongo. Ni upasuaji mkubwa, na anayeufikia amechelewa kugunduliwa.

Kisha wapo wa dharura, ambao hesabu yao ni ya saa. Diski kubwa ikitokeza katikati huweza kuzibana neva zote za chini kwa pamoja. Mgonjwa hupata ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Anashindwa kukojoa au anajikojolea bila kuhisi, na miguu yote miwili inalegea. Akipasuliwa ndani ya saa 48 matumaini ni makubwa zaidi kuliko akisubiri. Aibu ya kutaja sehemu hizo mbele ya wakwe au mbele ya muuguzi kijana imewagharimu watu udhibiti wa haja zao maisha yote. Sawa na hao ni waliovunjika shingo au mgongo kwa ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka jukwaa la mjengo. Utafiti uliochapishwa 2012, wa wagonjwa 313 walioumia shingo, ulionyesha kwamba waliopunguziwa shinikizo la neva ndani ya saa 24 walipata nafuu zaidi ya waliocheleweshwa. Lakini kabla ya daktari kuna majirani. Ambulansi haipiti kwenye vichochoro vya Silanga au Mashimoni huko Kibera, kwa hiyo mtu hubebwa. Akishikwa mikono na miguu na kukunjwa katikati, pingili iliyovunjika inaweza kuikata neva iliyokuwa bado nzima. Abebwe juu ya ubao au mlango ulio bapa, mwili wote ukisogezwa kwa pamoja, na mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike. Kila kikundi cha vijana na kila stesheni ya bodaboda Kibera na Kawangware ingeweza kufunzwa haya kwa alasiri moja.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba umbali si kisingizio. Hospitali ya Mbagathi iko jirani na Kibera. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali na hapo. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Barabara ya Lenana, safari fupi kutoka Kawangware. Kinachowatenga wakazi na hospitali hizo ni barua ya rufaa isiyoandikwa, pesa za picha, na vitanda vilivyojaa. Bima mpya ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 hutoza asilimia 2.75 ya kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini asiye na mshahara alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya shilingi 3,600, na kwa kibarua hizo ni pesa ambazo hazijawahi kukaa mfukoni mara moja. Serikali ikitaka bima iwafikie watu hawa, malipo yafuate jinsi wanavyolipwa wao.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kujenga hospitali mpya. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba ya vifaa. Wanaopita Lindi huko Kibera na Kabiro huko Kawangware mlango kwa mlango wakiuliza kuhusu kikohozi wanaweza pia kuuliza kuhusu mgongo unaouma usiku, mtu anayekonda, mguu unaoburutwa. Chuo cha Mafunzo ya Tiba kilicho ubavuni mwa Hospitali ya Kenyatta hufunza wataalamu wa fiziotherapia, na mazoezi wanayoyafundisha yanahitaji mkeka na ukumbi wa kanisa au madrasa. Kaunti ya Nairobi ikiweka mtaalamu mmoja katika kila kituo cha afya cha mitaa hii, itapunguza foleni ya Kenyatta kuliko itakavyofanya mashine yoyote ya kupiga picha.

Ipo pia hofu ya upande wa pili, inayosema ukikatwa mgongo utapooza tu. Watu wana sababu ya kuogopa. Februari 2018 mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa katika Hospitali ya Kenyatta kimakosa badala ya mwenzake, na habari hiyo haijasahaulika. Hata hivyo, kinga ya makosa ya aina hiyo inajulikana. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji, ambapo timu nzima husimama na kutaja jina la mgonjwa na mahali pa kukata kabla ya kuanza, ilijaribiwa katika miji minane ikiwemo Ifakara nchini Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwulize daktari wako kama wanaitumia. Hatari za upasuaji wa diski zipo, zikiwemo maambukizi, kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo na diski kutokeza tena, lakini kupooza si jambo la kawaida. Mara nyingi aliyepooza baada ya kisu alifika mezani miguu ikiwa tayari imelegea, na lawama ikakiangukia kisu badala ya miezi iliyopotea.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya ukiwa na kiuno kinachouma bila kushuka mguuni, bila homa na bila ganzi, usiuze kitu. Endelea kujongea, punguza mzigo, tafuta fiziotherapia. Maumivu yakishuka chini ya goti na kudumu zaidi ya wiki sita, dai barua ya rufaa. Ukiwa unakonda na mgongo unauma usiku, omba upimwe kifua kikuu, hata kama hukohoi. Na wewe, au jirani yako, mkishikwa na ganzi sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka au miguu ikilegea, msingoje Jumatatu wala mshahara. Nendeni Kenyatta usiku huohuo.